Miaka 12 ya Kiingereza: mwenzenu nimekwama na 11

Kutoka: Mgeni wa Nagoya
Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Namaliza uzamili hapa Japani Machi, na shule moja ya sekondari ya binafsi imenipa kazi ya kufundisha Kiingereza kuanzia Aprili. Leo nimepeleka uhamiaji fomu za kutoka ryugaku (ukaazi wa mwanafunzi) kwenda kyoiku (ukaazi wa mwalimu wa shule). Dada wa dirishani kaweka kidole kwenye mstari mmoja: uthibitisho wa kusomeshwa kwa Kiingereza miaka 12. Tukahesabu pamoja kwenye kikaratasi. Kidato cha kwanza hadi cha nne, minne. Cha tano na sita, miwili. Digrii mitatu, uzamili wa hapa miwili. 11. Msingi nimesoma kwa Kiswahili. Kuna aliyepita na upungufu kama huu? Chekechea ya Kiingereza inahesabiwa?

Kutoka: Mkenya wa Saitama
Pole sana kaka. Mimi ni wa 8-4-4 (msingi minane, sekondari minne, chuo minne), miaka ilitosha, karatasi ndizo zilinitesa. Waliitisha barua ya shule ya msingi, na shule yenyewe ilikuwa imebadilisha jina. Ndugu yangu alienda mara tatu ndipo mwalimu mkuu akagonga muhuri. Lakini jiandae zaidi kwa darasa. Wiki ya kwanza niliuliza swali, kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa, kimya zaidi. Mwalimu mwenzangu akanieleza kwamba nikimtaja mtoto mmoja mbele ya wenzake anaogopa kukosea. Siku hizi nawaacha wanong'one wawili wawili nusu dakika, halafu nauliza. Mikono inainuka.

Kutoka: Mkongwe wa Osaka
Tusichanganye mambo. Miaka 12 ni sharti la kyoiku. Eikaiwa, zile shule za maongezi ya Kiingereza, ni Jinbun, ukaazi wa wataalamu, huko wanataka digrii na sharti hilo halimo. Nimeliandika humu mara nyingi, watu hawasomi barua za nyuma.

Kutoka: Dada wa Fukuoka
Mzee, shikamoo, lakini yeye kasema shule, si eikaiwa. Mimi bado mwanafunzi. Jumamosi namfundisha mama mmoja nyumbani kwake, ndani ya saa 28 kwa wiki ninazoruhusiwa kufanya kazi. Miezi miwili namsahihisha, anaitikia "hai, hai", yaani ndiyo, ndiyo, nikajua anaelewa. Kumbe ile hai ilikuwa ya kuniambia nakusikia. Siku nilipomwomba arudie, macho yakashuka mezani. Sasa tumekubaliana: asipoelewa anageuza kalamu ielekee kwangu. Ada ananipa kwenye bahasha, kwa mikono miwili. Kupokea hivyo nilifundishwa na bibi yangu nikiwa mdogo. Siku ya kwanza nilishindwa kusema asante, koo lilinikaba.

Kutoka: Mkongwe wa Osaka
Marahaba mwanangu. Sasa nisikilize. Shikakugai, kibali cha mwanafunzi kufanya kazi, ya saa 28 ni ya kuajiriwa, mahali ambapo saa zako zinaweza kuhakikiwa. Kumfundisha mtu kwa makubaliano yenu wawili kunataka kibali cha peke yake. Kaombe kabla hujaenda kuongeza muda wa zairyu kadi, kitambulisho chako cha ukaazi.

Kutoka: Mtanzania wa Chiba
Hii hesabu inaniuma. Mtoto anasoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 ilitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote, sekondari ikabaki palepale. Hesabu na sayansi nilizielewa kwa Kiswahili, na siko tayari kukionea aibu kwenye dirisha lolote.

Kutoka: Mkenya wa Saitama
Hapo umenena. Ila kwetu pia madarasa ya chini yanatakiwa yafundishwe kwa lugha ya eneo, kwa hiyo msidhani kila Mkenya ana miaka 16 mfukoni.

Kutoka: Mgeni wa Nagoya
Asanteni wote, nimewasoma. Dada, suala la kibali usilichelewe. Mimi nimepewa wiki mbili kupeleka karatasi za ziada, na ule mwaka mmoja bado sijaupatia jibu. Shule imeshanitumia ratiba ya Aprili. Jina langu wameliandika kwa katakana, herufi zao za majina ya kigeni, vipindi 16.