Vakyumu nyepesi isiyo na waya: moja ya huku, moja ya Mama Ujiji

Kutoka Leicester

Ndugu zangu wa Kigoma, mlioko huku na mlioko nyumbani, asalaam alaikum. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina jambo nataka mnishauri kabla sijatoa pesa. Mama yangu yuko Ujiji. Mgongo unamsumbua, na kifua chake hakipatani kabisa na vumbi. Ameshaambiwa hospitali aache kufagia, lakini akina mama zetu mnawajua. Alfajiri fagio liko mkononi. Kiangazi hiki vumbi jekundu linaingia kutoka barabarani mchana kutwa, anafagia asubuhi, anafagia alasiri, usiku kucha anakohoa. Nikija Desemba nataka nimletee mashine ya kufyonza vumbi, hizi za fimbo zisizo na waya.

Na mimi mwenyewe naihitaji. Nimepanga ghorofa ya tatu, hakuna lifti, zulia limegundishwa ukuta hadi ukuta mpaka kwenye ngazi, na ile vakyumu kubwa ya waya niliyoikuta humu inanivunja mabega.

Madukani naona za paundi 80 na za paundi 600. Ya rahisi imeandikwa paskali 30,000 kwa herufi kubwa, ya ghali haijaandika paskali hata mahali pamoja. Je, ninunue mbili za aina moja? Betri inaruhusiwa kwenye ndege? Na itadumu nyumbani, au itakuwa pambo la kabatini?

Kutoka Rotterdam

Waalaikum salaam dada, na mpe Mama pole yangu. Kazi yangu hapa Uholanzi ni kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani, na vakyumu za betri zinaletwa mezani kwangu kila wiki. Nitakueleza ninachokiona nikizifungua.

Hiyo namba ya paskali iache. Paskali hupima nguvu ya mvuto mdomo wa bomba ukiwa umezibwa, hewa haipiti. Kinachonyanyua mchanga sakafuni ni mvuto pamoja na wingi wa hewa inayopita, na viwili hivyo kwa pamoja hupimwa kwa wati za hewa. Tena namba kubwa unayoiona kwenye boksi ni ya gia ya juu kabisa, ambayo kwa mashine nyingi humaliza betri kwa dakika 8 hadi 10 hivi. Zile dakika 40 au 60 za kwenye tangazo ni za gia ya chini, mara nyingi bila brashi inayozungushwa na mota. Mama atatumia gia ya chini au ya kati siku zote. Kwa hiyo soma maoni ya walioijaribu kwenye gia hizo, juu ya sakafu ngumu.

Uzito nao usiusome kwa kilo peke yake. Kwa zile za kampuni ya Dyson, V8 ina karibu kilo 2.6, V15 imevuka 3, Micro ni kama 1.5. Ila kwenye zote hizo mota, betri na kopo la vumbi viko juu, mkononi mwa mtumiaji, na kifundo cha mkono ndicho kinachobeba. Ziko nyingine, kwa mfano Gtech AirRam, ambazo mota iko chini kabisa. Ukiiweka kwenye mizani ni nzito zaidi, lakini sakafu ndiyo inayoibeba, mtu anasukuma tu. Kasoro yake ni kwamba hiyo huwezi kuinyanyua kusafisha nyavu za mbu madirishani, na nyavu za nyumba zetu zinashika vumbi kuliko hata sakafu. Kwa mtu mwenye mgongo, mimi ningetafuta yenye fimbo inayokunjika katikati, kama baadhi ya zile za kampuni ya Shark, isukumwe chini ya kitanda bila kuinama. Angalia na kitufe. V8 unabana kitufe chake kwa kidole muda wote inapofanya kazi. Mama mwenye baridi yabisi vidoleni ataichoka siku ya kwanza. Chukua ya kubonyeza mara moja na kuachia.

Sasa betri. Hapa dada naomba unisikilize kuliko kwingine kote, kwa sababu mashine nyingi ninazoletewa zikiwa "zimekufa" mota yake ni nzima kabisa, betri ndiyo iliyokwisha. Betri ya lithiamu hupungua nguvu kila inapochajiwa, na baada ya mizunguko mia kadhaa mwenyewe utaona dakika zimepungua. Hiyo ni hali yake, si ubovu. Ubovu ni pale mtengenezaji anapoifungia ndani isitoke, mashine nzima ikatupwa kwa ajili ya betri. Kabla hujalipa, tafuta kama betri ya mashine hiyo hiyo inauzwa peke yake, na mtengenezaji mwenyewe, na kwa bei gani. Usipoiona, achana nayo hata wakikuuzia paundi 40. Inayochomoka kwa kubofya ndiyo nzuri. Ya skrubu, kama ya V8, si mbaya pia, fundi yeyote wa simu pale mjini ataibadilisha.

Lakini usinunue betri ya akiba leo ukaiweke miaka mitatu. Lithiamu inazeeka hata ikiwa kwenye droo, na joto huizeesha haraka zaidi. Wakati wake ukifika itanunuliwa mpya. Na zile za bei ya kutupa zisizo na jina la mtengenezaji msizilete nyumbani kwa mzazi. Nimeona zilizovimba, na zipo zinazowaka moto zikiwa kwenye chaja.

Ndege: kinachoangaliwa ni wati-saa. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri. Volti 21.6 mara 2.5 ni wati-saa 54, hiyo inapita bila ruhusa. Volti 25.2 mara 4 ni 100.8, hapo umevuka 100 na utahitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kabisa. Ichomoe betri, ziba ncha zake za shaba kwa utepe wa gundi, uipakie kwenye begi la mkononi. Betri iliyochomolewa haiingii begi la chini, na kanuni ni hiyo hiyo ukipanda ndege ya pili kutoka Dar kwenda Kigoma.

Kwa kifua cha Mama, chujio ni muhimu kuliko nguvu. Tafuta lenye kiwango cha HEPA, linalonasa angalau asilimia 99.9 ya chembe ndogo ndogo, na pia hakikisha mashine nzima imezibwa vizuri, maana zipo zenye chujio zuri lakini maungio yanavuja na vumbi laini linarudi chumbani. Liwe la kuoshwa. Linaoshwa kwa maji baridi bila sabuni, kisha likauke saa 24 kabla ya kurudishwa. Likirudi na unyevu, mota inaungua. Ukiweza nunua mawili, moja likiwa juani lingine linafanya kazi.

Kumwaga kopo asifanye yeye. Wingu linalotoka pale ndilo lile lile tunalomwepusha nalo. Mjukuu atoke nalo nje, asimame upande upepo unakotoka.

Yako wewe ya Leicester ni habari nyingine. Zulia nene linataka brashi yenye mota na nywele ngumu. Lile roli laini la sakafu ya marumaru halitakusaidia kitu. Hivyo usinunue mbili za aina moja. Na nunua mtandaoni, kwa sheria ya huko Uingereza una siku 14 za kubadili nia. Ipande nayo ngazi zote tatu kabla siku hizo hazijaisha.

Kutoka Minneapolis

Kaka wa Rotterdam, shukrani sana. Huku Marekani mwezi wa kumi na moja bei zinashuka mno, nami nilikuwa nawaza kumchukulia shangazi aliyeko Gungu. Nimegeuza chaja nikakuta imeandikwa volti 120, hezi 60, basi. Nikitia adapta ya soketi itakubali?

Kutoka Mwanga, Kigoma

Marahaba wanangu. Nimesoma yote, nimefurahi mnavyowahangaikia wazazi. Acha niongeze ya hapa.

Umeme wa siku hizi si ule wa majenereta ya dizeli mliouacha, tuko kwenye gridi ya taifa. Bado mvua ya radi ikija unaweza kukatika, na ukirudi unarudi kwa kishindo. Chaja ichomekwe kupitia gadi, ile ile tunayochomekea friji. Uzuri wa mashine ya betri ni kwamba umeme ukiwa umekatika kazi inaendelea. Jirani yangu anaye mtoto aliyemletea moja, anaichaji kwa sola na inverta yake ndogo bila tabu, kitu ambacho vakyumu ya waya isingekubali.

Binti wa Leicester, nyumba ya Mama naijua ilivyo: saruji sebuleni, mikeka vyumbani, na mlango unafunguka moja kwa moja kwenye uwanja. Mchanga wa barazani asiuguse na mashine. Huo ufagiwe kwa ufagio wa chelewa na mtu mwingine, maji yakinyunyizwa kwanza kama tunavyofanya siku zote. Mashine ianzie kizingitini kuingia ndani. Mkeka wa ukindu usipitishwe brashi inayozunguka, itaung'oa nyuzi, utumike mdomo mtupu kwa gia ya chini. Godoro na makochi wasiyasahau, ile brashi ndogo ya mkono ndiyo kazi yake, na vumbi la godoroni ndilo mgonjwa analala nalo.

Jivu la mkaa, hapana. Hata likionekana limepoa. Kaa dogo moja ndani ya lile kopo la plastiki na chujio lake ni moto ndani ya nyumba. Lielezeni hili kwa Kiswahili, mwandike mbandike ubavuni mwa mashine, kwa sababu kitabu chake hakuna atakayekisoma. Na sakafu iliyodekiwa ikauke kwanza.

Masika yakianza mtaona faida yake nyingine. Kumbikumbi wakishaacha mabawa yao chini ya taa, fagio linayapeperusha tu chumba kizima. Mashine inayamaliza mara moja.

Sasa lile swali la pambo la kabatini. Akina mama wa umri huo, chombo kikitoka Ulaya kinarudishwa kwenye boksi lake kisubiri wageni. Betri ya namna hii ikikaa miezi mitupu, inashuka hadi inakataa kupokea chaji. Desemba ukifika, tumia mashine pamoja naye kila siku ya likizo yako, halafu lile boksi litoe nyumbani kabisa, mpe mtu. Lisipokuwepo hatakuwa na pa kuirudisha.

Kutoka Rotterdam

Baba, ahsante sana. Habari ya boksi sikuifikiria kabisa.

Ndugu wa Minneapolis, usiichomeke hiyo. Nyumbani ni volti 230, hezi 50. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zile zile, na chaja ya 120 pekee itaungua pale pale. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ni mzigo mwingine mzito na siku moja mtu atasahau kuitumia. Tafuta mashine ambayo chaja yake imeandikwa "100–240V, 50/60Hz". Hiyo adapta ya pini inaitosha. Anayetoka Uingereza ana nafuu, pini tatu za mraba za kule zinaingia kwenye soketi nyingi za Kigoma bila adapta.

Na udhamini, msiuhesabu. Kwa kawaida ni wa nchi uliyonunulia. Kinachoharibika Ujiji kitatengenezwa Ujiji, ndiyo maana nasisitiza mashine inayofunguka kwa skrubu za kawaida.

Kutoka Leicester

Allah awalipe kheri. Baba, marahaba yako nimeipokea kwa mikono miwili.

Nimeshaamua. Ya Mama itakuwa ya fimbo inayokunjika, kitufe cha kuachia, betri ya kubofya chini ya wati-saa 100, machujio mawili. Yangu itakuwa ya brashi ya zulia, na hiyo nitaitafuta iliyorekebishwa na mtengenezaji mwenyewe, ilimradi betri iwe mpya.

Jambo moja limebaki. Nyingi zinakuja na kishikilio cha kupigilia ukutani, na kuta za Mama ni tofali za udongo zilizopigwa lipu, skrubu hazishiki. Baba, ukipita kule naomba unitazamie kama pembeni ya kabati la vyombo, ule upande usiopigwa na jua, kuna soketi inayofanya kazi na nafasi ya kusimamisha kitu cha upana wa sentimita 30. Kama ipo, nitachukua yenye stendi ya kusimama yenyewe. Kama haipo, nitaleta na waya wa soketi wa mita tatu.