Urea ya kukuzia mahindi inaweza kuingia kwenye maji ya kisima?

Mkulima wa Simu
Wakuu habari za jioni. Mi naishi Kimara ila nina ekari tatu za mahindi huko Mlandizi, kuna kijana ananiangalizia anaishi palepale na mkewe. Juzi nimeenda kuweka urea, mahindi yamefika magotini, tumemaliza saa kumi na moja jioni, sasa usiku ikashuka mvua, aisee sio mvua ile. Asubuhi punje hamna hata moja, mfereji umechimbika mpaka chini kwenye kisima chao cha kuchimba kwa mkono, mita kama nane tu kwenda chini. Hela imeenda hiyo, nishakubali. Kinachonisumbua ni kwamba yule mke ana kichanga cha miezi miwili, maziwa yake hayatoki vizuri so wanamkorogea ya kopo kwa maji hayohayo. Nimewaambia wachemshe sana. Inatosha au najidanganya?

Mama Shayo wa Tabata
Kaka angu wasichemshe wakidhani ndo wametibu!! Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Urea ikikaa kwenye udongo inageuka amonia afu bakteria wa udongoni wanaigeuza naitreti, na naitreti haishikwi na udongo, inateremka na maji, hasa mchanga kama wa huku kwetu Pwani. Ikishaingia kwenye maji ni kama chumvi, we chemsha maji ya chumvi uone kama chumvi itaondoka, maji ndo yanapungua chumvi inabaki palepale. Kwa hiyo ukichemsha sana unaizidisha. Mtu mzima hasumbuki haraka ila mtoto wa chini ya miezi sita damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anakuwa na rangi ya bluu mdomoni na kwenye kucha. Shirika la Afya Duniani wameweka mwisho miligramu 50 kwa lita, na waliiweka kwa ajili ya watoto wa kopo hasa. Maziwa ya mama hayana shida hiyo. Wabadilishe maji ya mtoto leo, sio kesho, na wakimwona anabadilika rangi ni hospitali moja kwa moja.

Bonde la Ruvu
Sipingi alichosema mama hapo juu ila tusiitwishe urea kila kitu. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na wengi wetu tunapima kwa kisoda. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja 2006 wakasema ifikapo 2015 tufike kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta, hatukufika, yaani mbolea tunayoweka bado ni kidogo. Mbolea kuharibu maji ya kunywa nenda Iowa, Marekani, kule mji wa Des Moines wana mtambo maalum wa kutoa naitreti kwenye maji ya mto, na 2015 mamlaka yao ya maji ilizishtaki kaunti tatu za wakulima wa mahindi, kesi ikatupwa 2017. Sisi huku naitreti ya visimani mara nyingi inatoka chooni. Swali langu mkuu, choo chao kiko wapi?

Mkulima wa Simu
Dah. Nimempigia kijana sasa hivi. Kiko upande wa juu, anasema hatua kumi na tano.

Bonde la Ruvu
Basi jibu unalo 😅 Choo kinatakiwa kiwe upande wa chini na angalau mita 30. Ila usiache kupima. Wizara ya Maji wana maabara, Dar ipo. Chukua chupa safi, suuza na maji yaleyale, weka kwenye kiboksi cha barafu, fikisha siku hiyohiyo. Waambie wapime na bakteria. Na majibu yakija uliza naitreti wameandika vipi, maana 50 ya naitreti yenyewe ni kama 11 ikiandikwa kwa naitrojeni, watu wanaona 12 wanashangilia kumbe imeshapita.

Fundi Jembe
Mi niongelee shamba maana mbolea ya mwenzetu ishaenda na maji na najua uchungu wake. Usiweke yote kwa mkupuo, gawa mara mbili, ya kwanza mahindi yakiwa magotini, ya pili yakikaribia kutoa mbelewele. Toboa shimo pembeni ya shina, tia kisoda, FUKIA. Ukirusha juu sehemu inapaa hewani, nyingine ndo hiyo imekuja kwenye kisima. Mvua kidogo baada ya kufukia ni nzuri, ila wingu likiwa zito ahirisha, vibarua walalamike tu. Na kati ya shamba na kisima acha ukanda wa majani, usilime mpaka mdomoni mwa maji.

Mkulima wa Simu
Nimewatumia hela ya madumu mawili ya maji ya mjini kwa ajili ya mtoto tu. Jumamosi naenda na kiboksi cha barafu. Choo nitahamisha, ila mwenye eneo la chini nae analima mpunga hadi mpakani, sijui nimuingieje.

Fundi Jembe
Nenda na mahindi mabichi ya kuchoma kwanza, habari ya choo baadae.