Tupeane uzoefu: wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera (Tanzania na Uganda ya Idi Amin, 1978–79) walikuwaje nyumbani?

Mjukuu wa Mgambo: Jana tumeanua matanga ya babu. Nikapewa kazi ya kupanga sanduku lake la bati, nikakuta kijiko cha jeshini, mpini umekatwa kwa msumeno ili kiingie mfukoni. Nimekaa nacho mpaka alfajiri. Huyu ndiye aliyekuwa akituamsha kwa maneno ya Nyerere ya kutangaza vita, "Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo!" kumbe tunakwenda kupalilia maharage. Ya vita hakusema. Wenu je?

Binti Kyaka: Wetu radi ikianza anatoka nje. Chini ya bati hakai.

Mkosoaji: Mgambo tena? Siku hizi kila mtu babu yake kaingia Kampala.

Mjukuu wa Mgambo: Uliza kwanza, ndugu. Mgambo, polisi, magereza, JKT, wote waliongezwa jeshini. Babu alikuwepo kwenye mapigano ya Lukaya, Uganda, Machi 1979.

Mkosoaji: Lukaya upande gani wa kinamasi?

Aliyezikwa Hai: Msigombane msibani. Sisi baba tulimzika mwaka huohuo akiwa mzima. Mwenzake alirudi na jeraha, akasema alimwona akianguka njia ya Masaka. Tukangoja, kimya. Wazee wakakata mgomba, wakauvingirisha shuka jekundu, wakauzika nyuma ya nyumba. Mama akanyoa nywele. Nilikuwa na miaka tisa.

Mwezi wa nane, jioni, mama anaanua kahawa, mtu akatokea barabarani anachechemea. Mama alikimbilia mibuni akipiga yowe. Mimi miguu iligoma. Baba akazunguka nyuma, akaona tuta, akauliza, "Nani huyu?" Nikamjibu, "Ni wewe." Akacheka. Halafu akanyamaza siku mbili. Barua zake tatu zilifika baada yake.

Tuta hakukubali lisawazishwe, alilipalilia mwenyewe. Alipofariki mwaka jana ukoo ukagawanyika: azikwe palepale au pengine?

Binti Kyaka: Mama yangu wee!

Shemeji Mtu: Kaburi halirudiwi. Mwiko.

Mla Matoke: Mwiko gani, lilikuwa la mgomba! Ila haukuchipua kweli? Semeni kama mlikula ndizi.

Shemeji Mtu: Wewe utani wako una mipaka?

Mla Matoke: Mimi mtani wao, nina haki.

Mkosoaji: Sawa, nimeinua mikono. Malizia basi, mlimzika wapi?

Aliyezikwa Hai: Palepale. Mama ndiye aliyeamua, akasema hawezi kulia kwenye makaburi mawili. Vijana walipochimba walikuta kipande cha pindo la shuka. Bado kina wekundu.

Mjukuu wa Mgambo: Nimeshindwa kuandika. Hiki kijiko sasa nikifanyeje?

Shemeji Mtu: Kifungie. Kitu cha marehemu hakichezewi.

Binti Kyaka: Nenda nacho makaburi ya mashujaa Kaboya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wenzake wengi wamelala pale.

Mla Matoke: Kilie maharage.