Ukoo wa Bi Zuwena: salamu kutoka Ahmedabad

Rukia: Shikamooni wazee wangu. Leo Januari 14 huku Gujarat, India, ni Uttarayan, sikukuu ya kurusha tiara. Mji mzima uko juu ya mapaa tangu alfajiri. Picha hizo hapo juu.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Nukta zote hizo angani ni tiara?

Rukia: Zote bibi. Ukikata uzi wa mwenzio, paa zima linapiga ukelele: "Kai po che!" Yaani nimeikata.

Mjomba Hamadi: Uzi unakataje uzi?

Rukia: Unapakwa uji wa wali uliochanganywa na vioo vilivyosagwa, mjomba. Juzi niliwakuta mafundi barabarani. Uzi umevutwa toka nguzo hii hadi ile, nao wanatembea huku na huku wakiupaka ule uji wa rangi ya waridi kwa mkono. Vidole wamevifunga vitambaa na bado vimekatwakatwa.

Shangazi Mwanaidi: Na ndege je?

Rukia: Wanaumia shangazi, na roho inaniuma. Wako wanaojitolea kuwaokota na kuwapeleka kutibiwa. Na mji huuhuu, kwenye mitaa ya kale wanayoiita pol, una chabutro: kiguzo kirefu chenye kibanda cha nakshi juu, kimejengwa ili ndege wale nafaka tu.

Mjomba Hamadi: Kibanda cha mti?

Rukia: Vingine mti, vingine mawe. Nyumba zenyewe ni za msaji, kila boriti imechongwa. Unesco iliuingiza mji huo wa kale kwenye urithi wa dunia mwaka 2017, wa kwanza kwa India nzima.

Mjomba Hamadi: Sisi Mji Mkongwe tuliingia 2000. Na milango ya Kigujarati hapa kwetu, ile ya kukunja yenye miraba, asili yake huko. Marehemu baba alinifundishia kazi kwenye mmoja wao.

Rukia: Basi subiri hii mjomba. Msikiti wa Sidi Saiyyed, 1573. Dirisha la jiwe tupu lililotobolewa likawa mti: shina, matawi yanapitana, mtende umo ndani. Mwanga unapita kama kwenye lesi. Na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa bara letu.

Bibi: Mhabeshi?

Rukia: Ndiyo bibi. Huku watu wenye asili ya Afrika huitwa Masidi. Leo dirisha lake ndiyo alama ya mji.

Mjomba Hamadi: Nimeikuza picha mpaka imevunjika. Jani halirudii jani. Mwanangu, nipigie nyingine kwa karibu, pale matawi yanapoachana na shina. Nataka kuona patasi ilikoingilia.

Rukia: Kesho asubuhi mjomba, jua likiwa nyuma yake.

Bibi: Na umsomee Fatiha huyo Sidi.

Rukia: Nitamsomea bibi.