Mada: Mtoto "haonyeshi hisia" Kita

Mama Bremen:
Salaam ndugu zangu. Binti yetu wa miaka miwili na nusu ameanza Kita, kituo cha kulelea watoto cha huku Ujerumani. Jana mwalimu kaniita pembeni: nilipotoka chumbani mtoto hakulia, niliporudi hakunikimbilia, alinitazama tu akaendelea kupanga vikombe vyake. Kaandika kwamba hisia hazionekani usoni, na wiki ijayo tunaitwa kikao. Huyu huyu nyumbani akinuna, mpaka jirani anajua. Kijerumani changu cha dukani kinatosha, cha vikao bado. Nianzie wapi?

Baba Pacha, Köln:
Pole dada. Wetu waliandikiwa hawana ujasiri, kisa wanainamisha macho wakisemeshwa na mwalimu. Sasa mtoto uliyemfunza shikamoo, utamtaka amkodolee macho mtu mzima? Omba mkalimani mapema, na usitie saini chochote pale mezani. Karatasi isomwe nyumbani.

Da Mkubwa, Münster:
Mdogo wangu, tulia kwanza. Mimi nafanya kazi Kita, nikueleze jambo linavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Kita nyingi zinafuata mtindo wa Berlin wa kumzoeza mtoto. Siku tatu za mwanzo mzazi anakaa naye chumbani. Siku ya nne anatoka, isizidi nusu saa, na mwalimu anatazama: analia? anabembelezeka? mzazi akirudi anafanyaje? Kwa hayo ndiyo wanaamua mazoezi yawe mafupi au yaende wiki mbili tatu. Mtoto asiyelia wala kukimbia anawachanganya.

Na cha kuchekesha, nadharia iliyo nyuma ya mtindo huo, ya mtoto kushikamana na mlezi wake, ina mizizi Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatazama watoto wa Kiganda vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akaona mama akirudi, watoto humlaki kwa kupiga makofi, si kwa kukumbatia na kubusu kama wale Wamarekani aliowachunguza baadaye Baltimore. Kwenye fomu zetu makofi hayana kisanduku.

Hapa hapa Münster watafiti waliwalinganisha akina mama wa mjini na wakulima wa Kinso, yaani wa kabila la Wanso, kaskazini-magharibi mwa Kameruni. Wakiwa na wiki 6, watoto wa pande zote mbili walitabasamu karibu sawa. Walipofika wiki 12, wa Münster walikuwa wakitabasamu zaidi wanapotazamana na mama zao. Si ajabu. Mama wa hapa anamlaza mtoto mbele yake, anamchekea, anamwiga, anamsubiri ajibu. Mama wa Kinso anataka mtoto mtulivu, anayepokewa na shangazi, na dada, na jirani bila zogo, maana shamba linamngoja. Binti yako amepita mikono mingapi tangu azaliwe?

Hilo ndilo la kuwaeleza kikaoni: nani wanamlea, akifurahi anafanya nini, akiogopa anafanya nini. Mrekodi video fupi amenuna kweli kweli, au anacheza na binamu zake. Video haihitaji mkalimani.

Ila utamaduni usiwe pazia la kila kitu. Kama akiitwa jina hageuki, haonyeshi kitu kwa kidole, haigi, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, mpeleke kwa daktari wa watoto. Uchunguzi wa U7a, ule wa kawaida wa afya ya watoto, upo akikaribia miaka mitatu, lakini ukiwa na shaka usiungojee. Na masikio yapimwe. Nimeshaona mtoto anasifiwa upole kumbe ana majimaji sikioni.

Mama Bremen:
Da Mkubwa, Mungu akubariki, nimelala usingizi. Anageuka, anaonyesha kidole, anaiga mpaka kikohozi cha babu yake kwenye simu. Video ninayo, ya siku aliyoukataa uji. Miadi ya masikio nimeomba. Limebaki la mkalimani: Kita wanasema nije naye mwenyewe. Nani yuko Bremen na ana nafasi Alhamisi saa nne asubuhi? Shemeji yangu asijitokeze, yule hutafsiri anayoyataka yeye.