Mjadala: Je, ni Uprotestanti uliowafanya Waskoti kuwa taifa?

Mleta mada:

Wapenzi wengi wa historia ya Kanisa hushikilia kwamba Waskoti walikuwa koo zilizogombana tu, hadi Matengenezo ya mwaka 1560, yaani kuliacha Kanisa Katoliki na kushika Uprotestanti, yalipowapa imani moja, na kwa imani hiyo wakawa taifa. Naipinga hoja hiyo, na naomba wenye maoni tofauti waje na ushahidi.

Taifa lilikuwapo kabla ya John Knox, mhubiri aliyeongoza Matengenezo hayo. Katika barua ya Arbroath ya mwaka 1320, makabaila wa Uskoti walimweleza Papa kwamba, maadamu mia moja tu kati yao wangali hai, hawatakubali kutawaliwa na Waingereza. Hao walikuwa Wakatoliki, na aliyeombwa awatambue alikuwa Papa yule yule ambaye Bunge la Edinburgh lilikuja kuifuta mamlaka yake miaka 240 baadaye.

Tuyatazame basi Matengenezo yenyewe. Makabaila wa Kiprotestanti hawakuwa na nguvu ya kuwaondoa askari wa Kifaransa waliokuwa wakimlinda Mary of Guise, mtawala aliyeshika madaraka kwa niaba ya binti yake. Walioamua vita hivyo walikuwa jeshi na manowari za Elizabeth wa Uingereza, na ni baada ya hapo tu, Agosti 1560, Bunge lilipopiga marufuku Misa na kupitisha ukiri mpya wa imani. Biblia iliyosomwa makanisani ilikuwa ya Kiingereza, ile iliyotafsiriwa Geneva, kwani hapakuchapwa Biblia nzima kwa Kiskoti. Mwaka 1579 Bunge liliwaamuru wenye mali wawe na Biblia na kitabu cha zaburi nyumbani, na walichokinunua ni hicho hicho cha Kiingereza. Dini hii, kwa hiyo, iliwasogeza Waskoti karibu na jirani ambaye mababu zao walipigana naye ili wasimezwe.

Wagaeli, yaani Waskoti wa Nyanda za Juu na visiwani wanaosema Kigaeli, ndio wanaonisikitisha zaidi. John Carswell aliwatafsiria kitabu cha ibada mwaka 1567, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kigaeli. Huo ulikuwa mwanzo mzuri usioendelezwa. Mwaka 1616 Baraza la Mfalme liliamuru kila parokia iwe na shule, na likasema wazi kwamba shabaha mojawapo ni kueneza Kiingereza na kukikomesha Kigaeli. Agano Jipya la Kigaeli cha Uskoti lilichapwa mwaka 1767. Kanisa linaloitwa mama wa taifa zima, lakini lililochelewa karne mbili kuwapa sehemu kubwa ya taifa hilo Neno katika lugha yao, haliwezi kupewa sifa ya kuwaunganisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umeeleza vyema yaliyotangulia, ila umeruka kipindi chenye uzito zaidi. Mwaka 1603 Mfalme James wa Uskoti alirithi pia kiti cha Uingereza akahamia London, na katika miaka 22 iliyomsalia alirudi kwao mara moja tu, mwaka 1617. Nchi isiyo na mfalme ndani yake ilibaki na nini? Ilibaki na Mkutano Mkuu wa Kanisa na, katika parokia nyingi, baraza la wazee lililosuluhisha ugomvi, likagawa sadaka za maskini na kuwaita wazinzi watubu mbele ya watu. Wasomaji wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, lililotokana na wamisionari wa Uskoti, wanaufahamu mfumo huo wa wazee kwa kuuishi.

Mwanawe, Mfalme Charles I, alipolazimisha kitabu kipya cha sala mwaka 1637, ghasia zilizuka katika kanisa la St Giles, na Februari 1638 Agano la Taifa, kiapo cha kuitetea dini yao dhidi ya mabadiliko hayo, likatiwa saini katika kanisa la Greyfriars, Edinburgh, kisha nakala zake zikapelekwa parokiani, ambako hata wasiojua kuandika waliapa kwa kunyoosha mikono. Ni lini tena mkulima wa Uskoti aliulizwa jambo la nchi yake? Na mwaka 1707, Bunge la Uskoti lilipojifuta ili nchi iungane na Uingereza, Kanisa lililindwa kwa sheria likabaki.

Mleta mada:

Nakubaliana nawe kuhusu ombwe la 1603. Kanisa lilikuwa chombo cha Waskoti wenyewe wakati vyombo vingine vilipokuwa vinahamia kusini, na tendo la mkulima kuapa Agano lilikuwa jambo kubwa ambalo sitalipunguza. Hata hivyo, mkulima huyo hakuachiwa hiari kwa muda mrefu, kwa sababu mwaka 1639 kutia saini kulifanywa kuwa lazima. Wanateolojia wa Aberdeen walilikataa Agano kwa hoja za maandiko, na jibu walilopata ni jeshi kuukalia mji wao. Kamanda wa jeshi hilo, Montrose, alikuwa ametia saini kwa moyo. Miaka mitano baadaye aliuteka mji huo huo kwa niaba ya mfalme, na mwaka 1650 serikali ya watu wa Agano ikamnyonga Edinburgh. Hao wote walikuwa Waskoti na Waprotestanti, na kila mmoja aliamini anaitetea nchi yake.

Mwaka 1643 watu wa Agano waliingia mkataba na Bunge la Uingereza, wakitaka dini ya Uingereza na Ireland ifanane na yao, kwa kuwa lengo lao halikuishia kwenye mipaka ya Uskoti. Kisha, Agosti 1650, Cromwell, jemadari wa Uingereza, akiwa ameshaingia nchini, jeshi la Uskoti liliwaondoa maofisa na askari walioonekana si wacha Mungu wa kutosha, wiki chache tu kabla ya vita vya Dunbar vya Septemba. Lilishindwa vibaya, na ndani ya miaka michache Uskoti ikaunganishwa na Uingereza chini ya utawala wa Cromwell. Naomba mchangiaji anieleze: watu waliowafukuza Waskoti wenzao jeshini adui akiwa mlangoni, walikuwa wanalinda taifa, au walikuwa wanalinda usafi wa Agano hata taifa likipotea?