Sola juu ya paa: je, matumizi ya LUKU yanapungua kweli?

Mkazi wa Tegeta

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa hesabu na si kwa matangazo. Mwaka jana tulifunga sola juu ya paa: paneli 4 za wati 550, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri ufae kwa vyombo vya nyumbani) ya kilowati 3 na betri moja ya lithiamu ya volti 24. Hadi fundi anashuka kwenye ngazi, tulikuwa tumetoa shilingi milioni 4 na laki 2. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua umeme wa LUKU, yaani mita ya kulipia kabla ya kutumia, wa shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani uniti 168, mbali na kodi ya jengo inayokatwa humo humo. Sasa nanunua wa 28,000, ambao ni uniti 78 na ushee. Kwa hesabu hiyo fedha yangu itarudi baada ya miaka karibu 11, na dhamana ya betri ni miaka 5. Niliahidiwa kwamba nitaisahau LUKU, na mume wangu kila jioni ananikumbusha ahadi hiyo. Naomba waliofunga waseme ukweli: sola inapunguza gharama, au tumelipia tu umeme wa miaka 11 kwa mkupuo mmoja?

Mstaafu wa Morogoro

Binti yangu, swali lako lina majibu mawili kwa sababu umeme wa TANESCO una bei mbili kwa watu wa majumbani. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, aliye katika kundi la D1, la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na aliye katika kundi la T1, la wanaotumia zaidi ya hapo, hulipa shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, utapata shilingi 122 kwa huyu na 356 kwa yule. Mwenye D1 anamaliza mwezi mzima kwa shilingi 9,150. Huyo akifunga sola ya milioni 4 ili akwepe kulipa 9,150, hata wajukuu wake hawataiona fedha hiyo ikirudi.

Kwangu mimi imelipa. Nina pampu ya kisima na mashine ya kutotoleshea vifaranga, na mchana kutwa vyote viwili vinakula jua. Wanaolalamika wengi wao walijitakia, kwa kuwapa kazi mafundi wa barabarani wasioweza kutofautisha waya wa paneli na waya wa taa.

Fundi wa Mbagala

Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa heshima hadi sentensi yako ya mwisho, na hiyo siwezi kuipitisha kimya. Mimi ni fundi wa barabarani. Sina ofisi, vifaa vyangu viko kwenye begi, na nyumba nilizofunga zinawaka. Naomba nieleze kinachotokea kabla hujaona waya mbaya ukutani. Mteja ananiita, napima, namwandikia waya wa milimita 6 kutoka kwenye paneli. Anaenda dukani na orodha yangu, anarudi na waya wa milimita 2.5 kwa sababu ni wa bei nafuu. Namwandikia betri ya lithiamu, ananunua betri mbili za asidi zilizokwisha kutumika, na namwambia wazi kwamba hizo ukizitumia chini ya nusu ya ujazo wake kila usiku zinakufa upesi. Baada ya mwaka mmoja zimekufa, na jina linaloharibika mtaani ni la fundi. Mzee, ulishawahi kusikia mtu akisema kwamba alinunua vibaya yeye mwenyewe?

Dada wa Tegeta, nakuomba ufanye jambo moja tu. Kesho amka saa 12 kasoro asubuhi, kabla jua halijatoka, usome kwenye kioo cha inverta betri ina asilimia ngapi, kisha uniandikie.

Mstaafu wa Morogoro

Sikumtaja mtu kwa jina. Lakini mwanangu, nami nina kovu langu. Mtu aliyenifungia mara ya kwanza aliweka paneli zikitazama upande wa mwembe, na ilipofika saa 8 mchana kivuli kilikuwa kimefunika nusu yake. Paneli zikiungwa kwa mfuatano mmoja, kivuli cha moja huzivuta zote chini. Hilo halikutokana na mimi kununua vibaya. Alikuwa anautazama mwembe ule ule ninaoutazama mimi.

Fundi wa Mbagala

Basi aliyekosea ni huyo mmoja, mzee wangu, na mimi nisingemtetea. Daktari mmoja akikosea hatusemi kwamba udaktari ni utapeli.

Mwuza samaki wa Kirumba

Mnagombana kuhusu mafundi wakati sisi wa Mwanza tuna kilio kingine. Mwisho wa mwaka 2023, wakati wa mgawo wa umeme, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujawashwa Februari 2024, nilikuwa nafungua friji la kugandisha asubuhi nakuta maji mekundu yametuama chini ya sangara. Nilimwaga samaki mara 3 ndani ya mwezi mmoja. Nilipofunga sola sikupiga hesabu ya uniti hata kidogo. Nilihesabu samaki. Anayesema kwamba sola hailipi hajawahi kubeba ndoo ya samaki waliooza kwenda kuwafukia huku wateja wanamtazama.

Mkazi wa Tegeta

Dada yangu, pole sana kwa hasara hiyo, nami sina ubishi nayo. Lakini sikuuliza kama sola inafaa wakati wa mgawo. Niliuliza kama inapunguza gharama ya umeme nyumbani, na naona tukijibu swali la mgawo tutakuwa tumewapa wauzaji njia ya kutoroka. Wakati wa kuuza wanasema utaokoa fedha. Ukirudi na risiti za LUKU wanasema, lakini umeme ukikatika wewe unawaka. Hizo ni bidhaa mbili tofauti, na mimi niliuziwa ya kwanza.

Mwuza samaki wa Kirumba

Gharama ni gharama. Petroli ya jenereta haiandikwi kwenye risiti ya LUKU, je, tuseme haikuwa gharama ya umeme?

Mwalimu wa Mombasa

Hamjambo wenzetu. Huku Kenya tuna kisa kinachowahusu. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliruhusu mwenye sola kurudisha kwenye gridi umeme uliomzidi, kisha kanuni zake zikatoka mwaka 2024, na kwa kila uniti unayoirudisha unahesabiwa nusu. Wengi hulalamikia nusu hiyo, ila mimi naona swali la dada wa Tegeta limelala hapo hapo. Paneli zake ni za wati 2,200. Kwa jua la pwani hazikosi kutoa uniti 8 kwa siku. Ameokoa uniti 90 kwa mwezi, yaani 3 kwa siku. Je, zile 5 zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Betri ikijaa na nyumba ikawa haina mtu, inverta huziambia paneli zipumzike, na jua linawaka bure juu ya bati. Asiye na pa kuuza ziada yake hana budi kupiga pasi, kufua na kupampu maji saa 5 hadi saa 9 mchana, au apunguze idadi ya paneli.

Mpangaji wa Manzese

Nimewasoma wote, wenye visima, wenye friji za samaki na wenye paa. Sisi ni wapangaji 7 katika nyumba moja yenye LUKU moja. Kila chumba kina taa, feni na televisheni, na vyumba 2 vina friji ndogo. Kila mmoja wetu angekuwa na LUKU yake mwenyewe asingefikisha uniti 75, angelipa 122 kwa uniti. Kwa kuwa tumerundikwa kwenye mita moja, tumepita kiwango na tunalipa 356, sawa na mwenye kiyoyozi Masaki. Tulimwomba mwenye nyumba tumchangie afunge sola. Akajibu kwamba paa ni lake, akifunga atapandisha kodi. Mzee wa Morogoro umesema sola haimfai mwenye D1, na ni kweli, lakini mnyonge wa mjini wala hayumo katika hiyo D1. Kila mahali ninaposoma habari za sola mjadala unaanzia juu ya paa, na hakuna anayemtaja asiye na paa.

Mstaafu wa Morogoro

Hilo sikuwa nimelifikiria, na nakushukuru kwa kulileta. Kwenu ninyi dawa ya kwanza ni mita za kutenganisha, kabla ya paneli hata moja.

Mpangaji wa Manzese

Mita ya kutenganisha inatuonyesha nani ametumia kiasi gani. Bei ya uniti inabaki ile ile ya LUKU moja. Hiyo tunayo tayari.

Mkazi wa Tegeta

Fundi wa Mbagala, nilifanya ulivyoniagiza, siku 3 mfululizo. Saa 12 kasoro robo, nje bado kuna giza, betri inasoma asilimia 100. Leo nimesimama pale na kikombe cha chai mkononi nikiangalia hadi saa 3, na namba haikuwa na pa kupanda. Kuna maana gani?

Fundi wa Mbagala

Maana yake ni kwamba usiku, betri ikishuka, inverta yako inachukua umeme wa TANESCO, na juu ya hapo inatumia umeme huo huo kuijaza betri tena. Jua likichomoza linakuta betri imejaa umeme wa shilingi 356. Ingia kwenye mipangilio ya kuchaji, uchague betri ijazwe na sola peke yake. Betri yako ikiwa ya ampea-saa 100 itakupa uniti kama 2 kila usiku, ambazo ni uniti karibu 60 kwa mwezi. Nasikitika kwamba aliyekufungia hakukuonyesha, na mzee ana haki ya kunisema kwa hilo.

Na jambo la pili. Sasa unanunua uniti 78. Ukishuka chini ya 75, miezi ikapita wastani wako ukiwa huko, nenda na risiti zako ukaombe kuhamishiwa D1. Hapo uniti 70 zitakugharimu shilingi 8,540.

Mkazi wa Tegeta

Kwa hiyo kwa muda wote huu zilikuwa zimebaki uniti 3, na hakuna aliyeniambia. Nimebadilisha mpangilio sasa hivi. Mita inasoma uniti 41.6, nimeiandika kwenye karatasi ukutani. Mzee wa Morogoro, wewe ulipokwenda kuomba D1 walikudai wastani wa miezi mingapi?

Mstaafu wa Morogoro

Mimi sijawahi kuomba, binti yangu. Kisima changu hakiniruhusu kushuka huko.